Kinyozi wa Neno Moja

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeambiwa ninyamaze. Aliyeniambia ni binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, na aliniambia kwa adabu zote, akiwa amenishika mkono. Nimerudi nyumbani nimefura.

Niandike kwa utaratibu. Mume wangu ni kinyozi. Mwisho wa mwaka jana alipatwa na kiharusi asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Mguu umerudi, mkono umerudi, hata ndevu anajinyoa mwenyewe. Maneno ndiyo hayajarudi. Limebaki moja tu: "tayari." Ndilo alilokuwa akimwambia kila mteja baada ya kumaliza, akimshikia kioo nyuma ili aone kisogo chake. Sasa njaa ni tayari, kiu ni tayari, hasira ni tayari. Namuuliza, "Umekula?" ananijibu, "Tayari," na nikifunua sufuria nakuta chakula kiko vilevile nilivyokiacha.

Hospitali wametupeleka chumba cha mwisho kwenye korido, mlangoni kuna kibao, Tiba ya Usemi na Lugha. Nilidhani watamkagua ulimi, wampe vidonge, twende zetu. Yule binti akaweka picha ya kikombe mezani, akamuuliza mume wangu hiki ni nini, kisha akakaa kimya. Mume wangu akakunja uso, akafungua mdomo. Mimi nikasema, "Kikombe." Ikaja picha ya funguo, nikasema, "Funguo." Ya sabuni nilijikaza kweli, lakini nikajikuta nimeshasema, "Sa..."

"Mama," akasema yule binti, "mgonjwa wetu leo ni nani?"

Akanieleza kwamba maneno hayajamtoka mume wangu, yamo kichwani, ila njia ya kuyafikia imeharibika. Kila anapojaribu kupita mwenyewe, njia inapitika kidogo zaidi. Mimi nikimchukulia neno, nimemnyima safari. Kwa hiyo nimsubiri, nihesabu moyoni hadi kumi kabla ya kumsaidia. Nikamuuliza, "Na haya ya kwangu yaliyonijaa kooni niyapeleke wapi, mwanangu?" Akasema niyaandike. Basi haya hapa, na bado yapo mengine.

Asichojua ni kwamba mimi ni mtangazaji wa kituo cha mabasi. Nashinda mbele ya kipaza sauti. Mimi nalipwa kusema.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua imeanza. Nimefika nne.

Jumapili, 9 Machi

Nimefika sita. Alikuwa anataka chumvi. Tangu moja nilijua anataka chumvi, na kopo la chumvi lilikuwa mbele yangu, na nilikaa nalitazama kama mjinga hadi alipoinuka akalichukua. Binti yule nimempa jina, Mwalimu Kimya.

Alhamisi, 13 Machi

Benchi la kusubiria tumekaa na bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, amepoteza meno mawili ya mbele, mdomo haufungi. Kila penye "k" yeye anaweka "t". Shuleni wanamcheka, bibi ananieleza, siku hizi akiulizwa swali darasani hainuki. Hapa kwenye benchi hakuwa na aibu yoyote. Alimsogelea mume wangu akapigapiga mbao kwa kiganja, "Babu, taa hapa."

Mume wangu akatazama juu kwenye balbu. Yule mtoto naye akatazama juu. Wakatazamana.

"Si taa," mtoto akasema. "Taa. Taa titato."

Bibi akafafanua kwamba anamaanisha kaa, kaa kitako. Mume wangu akacheka. Alicheka hadi akashika mbavu, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu augue. Akakaa pale alipoonyeshwa, akasema, "Tayari." Mtoto akamuuliza kwa nini anasema tayari, tayari kitu gani, na akamsubiri ajibu. Alimsubiri kwa raha zake, akichezea kamba ya koti, bila kuhesabu chochote. Mimi niliona wivu, sioni haya kuandika.

Mwalimu Kimya amewaweka pamoja kwa muda mfupi kila wiki. Mtoto anatafuta "k" yake, na mume wangu akimsikia anajaribu naye. Walikuwa wameinua videvu juu wote wawili, wakitoa sauti ya mtu anayesukutua koo.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua kutwa nzima. Mabasi yamechelewa yote. Nimeomba radhi kwenye kipaza sauti hadi sauti imekauka, na nyumbani nikanyamaza bila taabu.

Jumanne, 18 Machi

Leo kalamu nimeishika kwa hasira, mwandiko unisamehe.

Kipara alikuja kituoni mchana, mwavuli mkononi, uso umetakata. Kipara ni mwenzake mume wangu dukani. Wana viti viwili na kioo kirefu kimoja, wamekuwa bega kwa bega tangu mapacha wetu wakiwa tumboni. Kinyozi kipara, ndiyo, na huo utani ameshausikia wa kumtosha. Akaniambia kupitia dirisha la tiketi, "Shemeji, nashukuru sana. Nimetoka kwenu sasa hivi, tumeelewana na Baba Mapacha."

Mmeelewana nini?

Kumbe amepata kinyozi mwingine, ataanza mvua zikikatika. Amekwenda kwa mume wangu kumuuliza kama anaridhia huyo mtu achukue kiti chake, moja kwa moja. Na mume wangu amemjibu, "Tayari."

Nilimwacha mwenzangu na kipaza sauti, nikamfuata Kipara hadi dukani kwenye mvua ileile, nikamsema mbele ya wateja wawili, mmoja amenyolewa nusu. Nikamwambia mume wangu hajaridhia chochote, tayari yake haina maana, anaitumia hata akitaka maji ya kuoga.

"Shemeji, nimemuuliza mara mbili," Kipara akasema. "Nimempa muda. Nimemwambia, una hakika? Akasema tayari, tena akanishika mkono. Sasa yeye amesema, wewe unasema hajasema. Nimsikilize nani?"

"Mimi."

"Kiti ni chako?"

Nikamwambia tutaonana, nikaondoka. Mteja aliyenyolewa nusu alinifungulia mlango.

Nyumbani nikamweleza mume wangu kila kitu. "Usiwe na wasiwasi, nimeshakusemea." Nilidhani atafurahi. Akasema "tayari" moja ya chini sana, akageukia ukutani. Chai nimeimwaga ikiwa imepoa.

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu Kimya alisikiliza yote. Kisha akafanya kitu cha kipuuzi kabisa, kwa macho yangu. Akachukua karatasi mbili, moja akachora alama ya vema, ya ndiyo, nyingine alama ya mkasi, ya hapana, akaziweka mbele ya mume wangu.

"Unataka kumwachia mwingine kiti chako?"

Kidole kikaenda kwenye mkasi.

"Unataka kubaki na kiti chako?"

Kidole kikaenda kwenye vema, kikabonyeza.

Akanieleza kwamba mtu wa namna hii mdomo unaweza kumsaliti, ukatoa ndiyo wakati moyo unasema hapana, ndiyo maana unamuuliza jambo lilelile pande zote mbili. Nikakaa nikifikiria. Miezi yote hii nimemuuliza una njaa, una baridi, umechoka, na kila jibu nimeligeuza nilivyotaka. Hakuna siku nilimuuliza kuhusu kiti. Nilimwona kama mtu wa kulishwa na kufunikwa shuka.

Kisha binti akauliza, "Unataka mkeo akusemee kwa mwenzako?"

Kidole kikasimama hewani. Akanitazama, jicho lake lile la zamani, la kupima kichwa kabla ya kuwasha mashine. Akaweka kidole kwenye mkasi. Nilipofungua mdomo, akaweka tena.

Basi. Imeamuliwa. Atakwenda mwenyewe kabla mvua hazijakatika, aseme maneno matatu: Hapana. Kiti changu. Mwalimu Kimya anasema hilo ndilo somo letu hadi mwisho wa msimu. Mimi kazi yangu ni kutembea naye nikiwa nimefunga mdomo. Iliniuma, na sijui imeniuma kwa sababu gani hasa.

Jumatatu, 24 Machi

Zoezi, baada ya chakula cha jioni. Mimi nasema mwanzo, "Ki..." naye anamalizia. Kisu. Kitu. Kichwa. Kikaratasi, hilo sijui limetoka wapi, hata yeye alishangaa. Kiti hakuna.

Lakini "tayari" hakuitumia hata mara moja. Nimegundua wakati naosha vyombo.

Ijumaa, 28 Machi

"Hapana" imetoka. Nilikuwa namwongezea sukari kwenye chai. Amesema wazi, kama mtu aliyechoka nayo siku nyingi. Nilisimama na kijiko mkononi. Kumbe hapendi sukari nyingi, miaka yote hii.

Alhamisi, 3 Aprili

Kiti.

Kimetoka darasani, si nyumbani, na nimekubali. Mwalimu Kimya hakusema "ki". Alimsimamisha nyuma ya kiti cha kawaida, akamwekea kitambaa mkononi, akamwambia afanye kazi yake. Mume wangu akakung'uta kitambaa, akakizungusha kwenye shingo ya hewa, akapigapiga mgongo wa kiti kama anavyomkaribisha mteja, na mdomo ukatoa neno wenyewe. Yule mtoto wa "k" alikuwa anachungulia mlangoni. Akasema, "Babu amesema titi," bibi yake akamziba mdomo haraka, na Mwalimu Kimya akaangalia dirishani mabega yakimtikisika.

Jumatano, 9 Aprili

Shida mpya. Anasema, "Kiti yangu."

Mimi ndiye ninayewasahihisha madereva kwenye ubao wao wa matangazo. Wakiandika "basi imeharibika", nafuta kwa kiganja, naandika "limeharibika", na wananichukia. Sasa nyumbani kwangu, mezani kwangu, kiti yangu, kiti yangu, kiti yangu. Nimeuma meno. Mara ya tano nikasema, "Changu, Baba Mapacha. Cha. Ngu." Akajaribu. "Cha... cha... chai." Akapiga meza kwa ngumi. Jioni nzima ikawa "tayari" tupu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilimshtaki kwa Mwalimu Kimya. Akaniuliza, "Aliposema kiti yangu, ulielewa?"

"Nilielewa, lakini..."

"Basi amesema, mama."

Akasema ngeli zitakuja au hazitakuja, kwanza mtu afikishe ujumbe. Nikamwambia yeye hajui mateso yangu. Akasema anayajua, mama yake ni mwalimu wa Kiswahili.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Mafua nyumba nzima.

Jumanne, 15 Aprili

Homa imemrudisha nyuma. Hapana imepotea, kiti kimepotea. Nilimwonyesha picha ya kikombe akasema tayari, akaanza kulia. Na mimi nikalia. Tulilia kila mtu upande wake wa meza kama watoto walionyimwa kutoka.

Jumatano, 16 Aprili

Mwenzangu wa kituoni amenyolewa jana, amekuja na habari. Yule kinyozi mpya hangoji mvua zikatike. Ameshaleta mashine zake na aproni yake. Anaanza Jumatatu.

Nilishika simu mchana. Namba ya Kipara iko kichwani mwangu, na maneno ya kumwambia yalikuwa yamepangwa mstari, yamechana nywele. Ingekuwa dakika mbili. Simu ikaita mara moja, nikakata. Niliona kile kidole kwenye mkasi.

Nimemweleza mume wangu taratibu, nikamchorea hata viti viwili na mtu mgeni kwenye kimoja. Akachukua kalamu, akamfuta yule mtu hadi karatasi ikatoboka. Nikamuuliza, "Twende Jumamosi?" Nikamuuliza tena, "Tungoje?" Amechagua Jumamosi.

Alhamisi, 17 Aprili

Darasani hakutoa kitu zaidi ya "ha". Mwalimu Kimya hakuonyesha wasiwasi. Akasema homa hupita, na maneno yaliyokwisha kuja mara moja yanajua njia. Sijui kama anasema kweli au ananituliza. Nilimkubali kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumkubali.

Yule mtoto alitoka kwa mbio chumbani akasimama mbele yetu. "Kaa," akasema. "Kaa. Kaa. Babu, kaa." Bibi yake alikuwa amefunika uso kwa ncha ya kanga. Mume wangu, ambaye alikuwa ameshakaa, alisimama makusudi ili apate kukaa tena.

Jumamosi, 19 Aprili

Amenyoa ndevu. Amevaa koti lake jeupe la kazi ndani ya koti la mvua. Njiani hatukusema kitu. Alitembea mbele yangu, akaruka dimbwi la kona ile bila kunishika mkono.

Duka lilikuwa limejaa watu waliokimbilia mvua. Kinyozi mpya alikuwepo, amekuja kuzoea, anafuta kile kiti kwa kitambaa. Kipara akaja mikono imefunguka, "Baba Mapacha, karibu, karibu ukae," na akamwonyesha benchi. Benchi la wateja. Mume wangu hakukaa. Mimi nilibaki mlangoni, mgongo kwenye fremu.

"Ha," akasema. Watu wakanyamaza. "Ha... ha..."

Kipara akafungua mdomo kumsaidia. Nikamwinulia kidole, yule aliyenijua miaka yote nikiwa msemaji wa nyumba, na akaufunga. Mvua ilikuwa inapiga bati. Niliacha kuhesabu, maana niliona hesabu haisaidii, ni yeye na njia yake. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso na baridi ile. Mteja mmoja akajikohoza. Mimi neno lilikuwa limesimama nyuma ya meno yangu, zima, limeiva, nikalimeza, na lilishuka kama vidonge vikavu.

"Hapana," akasema.

Kipara akasema, "Hapana nini, ndugu yangu?"

"Kisu." Akatikisa kichwa. "Kitu. Ki..." Akatembea hadi kwenye kile kiti, kinyozi mpya akajisogeza. Akakung'uta kitambaa, akapigapiga mgongo wa kiti. "Kiti. Kiti yangu."

Kipara akanitazama mimi nimtafsirie. Nikatazama dari. Kuna doa la maji pale juu, umbo lake ni la kiatu, sijawahi kuliona kabla. Basi ikabidi amgeukie mwenyewe.

"Unataka kurudi kwenye kiti chako?"

Mume wangu akainua dole gumba.

"Lakini siku ile uliniambia tayari."

Mume wangu akafikiri. Uso ukamlegea, akaanza kucheka, akajigonga mdomo kwa vidole kama mtu anayekishtaki kitu kibovu. "Tayari," akasema, "hapana."

Kipara alichelewa kidogo kuelewa, kisha akashika kichwa chake kitupu kwa mikono miwili. Akamkumbatia, na wakakaa hivyo, Kipara akisema, "Nisamehe, mimi nilisikia neno, sikukusikia wewe." Kinyozi mpya akasema yeye hana neno, kiti cha tatu kitaenea pale penye meza ya magazeti kama wakiisogeza. Wakaisogeza palepale. Watu watatu walishika ile meza, na mume wangu akawaelekeza kwa mkono.

Nilitoka nje, nikasimama kwenye mvua nikalia kwa furaha. Niliporudi ndani nikasema nimelowa tu.

Alhamisi, 24 Aprili

Mwalimu Kimya amemtengenezea picha za vichwa, mitindo sita, zimefunikwa plastiki, zitabandikwa kwenye kioo. Mteja anaonyesha kidole. Mbele na nyuma, mfupi na mrefu. Nilimshukuru kwa kirefu. Hakunikatiza.

Ijumaa, 2 Mei

Manyunyu tu. Mabasi yamefika kwa wakati.

Jumatatu, 5 Mei

Jua. Leo ameanza kazi, nusu siku. Nimeomba ruhusa kituoni nimsindikize, nikajiambia nitasimama kidogo tu mlangoni.

Mteja wa kwanza alikuwa mgeni, mwanamume mwenye haraka, hajui habari zetu. Akakaa, akasema mfululizo, "Pembeni shusha, nyuma shusha kiasi, juu usiguse, ila mbele nyoosha." Damu ikanipanda. Hayo maneno ni mengi mno kwa mpigo. Nikapiga hatua ndani.

Mume wangu akaweka kidole kwenye picha ya tatu, akamtazama mteja kwenye kioo. Mteja akasema hapana, ile ya pili. Akamgusa pembeni, "Hapa?" Mteja akasema ndiyo. Akamgusa juu, "Hapa?" Mteja akasema hapana, hapo acha. Ameuliza pande zote mbili, kama alivyoulizwa yeye. Yule mtu akalegeza mabega na kufumba macho, mashine ikaanza kunguruma.

Mimi nilikuwa nimeshafika katikati ya duka, mkoba kifuani. Akaniona kwenye kioo. Akazima mashine.

Akageuka. Mdomo ukatafuta. Nilimsubiri, Kipara akasubiri, hata mteja alifumbua macho akasubiri bila kujua anasubiri nini.

"Mama Mapacha," akasema.

Jina langu nilikuwa sijalisikia mdomoni mwake tangu asubuhi ile ya viatu. Nilidhani anataka kitu, kitana, maji, nikaweka mkoba chini nimletee.

"Nenda," akasema. "Nenda kazi."

Kipara akainama kufagia mahali pasipo na nywele. Mume wangu alikuwa ananitazama kwa upole, na alikuwa ananifukuza. Nilikuwa na maneno ya kumjibu, tena mengi, mazuri. Nikaokota mkoba wangu, nikaenda.